Taa ya Nyoka wa Bosi

Kwanza nataka ieleweke kwamba mimi sipendi nyoka. Wale wanaosema hapa Garissa kwamba mzee wa malori alifuga nyoka uzeeni wanasema uongo, na wanajua ni uongo, maana wamekuja kunywa chai yangu wakaona kwa macho yao nyoka ni wa nani. Alikuwa wa mgeni. Mgeni akamwachia mwanangu, mwanangu akamleta kwangu. Mimi nilichotoa ni pembe ya sebule na umeme.

Shule ya maana sikuenda. Nilikaa duksi, chuo cha Kurani, nikahifadhi nilichohifadhi, nikakaa darasani kidogo kule Takaba na watoto walionifika kiunoni, kisha ukame ukamaliza mbuzi wa baba yangu, nikapanda lori la ng'ombe kama utingo. Kusoma nimejifunza kwa vibao vya barabarani na maandishi ya nyuma ya malori. Kiswahili nimefundishwa na polisi wa vizuizini, ndiyo maana Kiswahili changu kina heshima kidogo na sauti kubwa. Lori la kwanza kuliita langu nililipata nikiwa na mvi. Nyumba ya mawe ninayokaa, hakuna mtu aliyenipa jiwe lake hata moja. Sijisifu. Nayasema haya kwa sababu yule kijana ametoka katika nyumba hiyo, na anayesoma ajue hakuokotwa.

Ni kitindamimba wangu. Nilimsomesha mpaka walimu wakaishiwa la kumfundisha, akapata kazi Dadaab katika shirika la maji, hawa wa kuchimba visima na kupeleka maboza ya maji kambini. Bosi wake alikuwa mgeni kutoka nchi ya theluji. Hakujua Kisomali, na Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole pole" basi. Kwa hiyo mwanangu ndiye alikuwa mdomo wake. Bosi akisema neno, mwanangu analigeuza. Wazee wakijibu, mwanangu anageuza tena. Na alikuwa hodari kweli. Alikuwa na sauti fulani ya kazi, tulivu, isiyo na hasira wala furaha, hata wazee wakimtukana bosi yeye anayapeleka matusi kwa adabu.

Siku moja nilipeleka mbuzi kwa mfanyabiashara wa kule, nikapita kumsalimu. Joto la siku hiyo lilikuwa lile linalowanyamazisha hata watoto. Mwanangu akanivusha getini, akanipeleka kwenye kontena alilokuwa akiishi bosi. Alipofungua mlango, baridi ikanipiga usoni kama maji ya kisima. Nilidhani nimeingia stoo ya nyama.

Pembeni, juu ya meza, kulikuwa na sanduku la kioo lenye mchanga ndani na taa inayowaka.

"Hiyo taa ya nini mchana?" nikauliza.

"Ya nyoka, Aabo," akasema. Aabo kwetu ni baba.

Nikarudi nyuma hatua. Akacheka, akaniambia nisogee. Kwenye mchanga kulitokeza kichwa kidogo chenye macho kama punje za ufuta, na mgongo wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi. Nilimjua palepale. Ni nyoka wa mchanga wa huku kwetu. Watu wanamwogopa kuliko kifutu, wanasema ana vichwa viwili kwa sababu mkia wake ni butu. Wachimbaji wa kisima walimfukua wakawa wanamtafutia jiwe, bosi akawazuia, akamchukua.

"Sasa taa ya nini?" nikauliza tena.

"Chumba kina baridi, Aabo. Bosi hawezi kulala bila kiyoyozi. Nyoka naye hawezi kuishi kwenye baridi hiyo. Ndiyo anawashiwa."

"Na hapo nje?"

"Nje ni joto."

"La kumtosha nyoka?"

"La kumtosha na kubaki."

"Basi si akae nje?"

"Aabo," akasema, "punguza sauti."

Nyuma ya kontena jenereta lilikuwa linanguruma. Nilisimama nikalisikiliza. Mimi nimelisha injini dizeli maisha yangu yote, najua inavyokwisha. Nusu ya dizeli ile ilikuwa inatengeneza baridi ili mtu asife kwa joto, na nusu inatengeneza joto ili nyoka asife kwa baridi ya yule mtu. Na nje ya ukuta wanawake walikuwa wamepanga mitungi mitupu ya maji kwenye foleni. Nikanywa soda niliyopewa, nikanyamaza. Mwanangu anaishi kwa kazi ile.

Alinieleza mambo yote kama anayejionyesha kwa mzazi. Chini ya mchanga kulikuwa na mkeka wa umeme, mwembamba kama katoni. Mkeka huo ulifungwa kwenye kidude kinachokata stima chenyewe joto likizidi, kwa sababu nyoka akichimba mpaka chini anaweza kuungua tumbo na asijue mapema kwamba anaungua. Upande mmoja wa sanduku ni wa moto, nyuzi thelathini na mbili au zaidi kidogo. Upande mwingine ni wa baridi, nyuzi ishirini na sita. Kila upande una kipimajoto chake.

"Kwa nini pande mbili?"

"Nyoka hana moto wake mwenyewe mwilini," akasema. "Anaazima. Akila panya anataka moto, la sivyo panya anamwozea tumboni. Akishiba moto anakwenda kivulini. Ukimwachia upande mmoja tu umemfunga."

Nikamwambia hata mbuzi anajua hilo bila kipimajoto. Lakini moyoni nilifurahi kumsikia akieleza.

Baadaye pesa za wageni zikakatwa. Hayo kila mtu huku anayajua. Ofisi zikafungwa moja baada ya nyingine, magari meupe yakapangwa uani yakapigwa vumbi, na vijana waliokuwa wakivaa vitambulisho shingoni wakarudi mjini shingo tupu. Bosi naye akaondoka. Siku ya kuondoka alimshika mwanangu bega, akamwambia amtunzie nyoka wake. Akipata kazi mpya, popote pale, atamwita. Yeye na nyoka pamoja. Hivyo ndivyo mwanangu alivyonielezea, na alinielezea mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, kama kwamba akibadilisha neno moja ahadi itamwagika.

Basi akaja nalo, sanduku la kioo, amelikumbatia kwenye pikipiki ya watu. Mama yake alitoka mbio getini. Mke wangu huuza sambusa pale mlangoni kwetu, na kwa miaka alikuwa ananiomba kabati la kioo lenye taa, kama la wale wa sokoni, sambusa zikae moto na nzi wakae nje.

"Mashallah! Mwanangu ameniletea kabati!" akasema, akalipapasa. "Na taa yake! Baba yako miaka yote masikio ameziba. Mbona umejaza mchanga?"

Hakuna aliyewahi kumjibu. Mchanga ulijisogeza wenyewe. Ukelele alioupiga uliwaleta majirani mpaka wa mtaa wa pili.

Nyoka alipowekwa chumba cha nyuma, chini ya mabati, tuligundua kwamba kila kitu alichofundishwa mwanangu kilikuwa kimegeuka. Kule Dadaab kazi ilikuwa kumpa nyoka moto. Hapa, mkeka umezimwa, taa imezimwa, na upande wa baridi ulipanda mpaka thelathini na nane kabla ya adhuhuri. Mwanangu aliingia sebuleni jasho linamtoka.

"Aabo, atakufa."

"Huyo ni wa huku. Baba yake na babu yake walikaa kwenye jua hili."

"Walikaa chini yake. Huyo porini anachimba mpaka anapata ubaridi. Humu akichimba anafika kioo."

Nikamwambia amlete sebuleni, penye ukuta mnene na dari ya saruji. Pembe niliyompa ilikuwa ndiyo ninayoweka mto wangu wa kuegemea. Tangu siku hiyo nikaegemea ukuta.

Kila asubuhi alikuwa akifanya jambo moja. Anapiga picha nyoka na vipimajoto viwili, anamtumia bosi kwa simu. Halafu anakaa anaangalia simu. Siku nyingine jibu linakuja, siku nyingine haliji. Jibu lenyewe lilikuwa picha ya kidole gumba. Mwanangu, niliyemsomesha kwa damu ya magurudumu, akawa analipwa kidole gumba.

"Ameona," ananiambia.

"Ameona. Amesema nini?"

"Ameona tu."

Wakati wa adhuhuri alichukua chupa za maji zilizoganda kutoka friza ya mama yake, akazisimamisha nje ya kioo, upande wa kivuli. Jioni taa iliwashwa upande wa pili, kidogo, nyoka apate pa kumeng'enyea panya wake. Kila saa anatazama, anasogeza, anatazama. Mama yake alilalamika kwamba barafu yake ya kuuzia watoto inayeyuka kwa ajili ya shetani. Wazee wenzangu waliacha kuja kunywa chai, na wale waliokuja walikaa karibu na mlango.

"Warya, huyo mtoto ana mke?" mmoja aliniuliza.

"Hana."

"Ana ngamia?"

"Hana."

"Ana nini?"

"Ana thelathini na mbili huku na ishirini na sita kule," nikamjibu, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mwanangu alikuwa chumba cha pili. Alisikia.

Kufika miezi ile ya joto kali, wakati mto umekonda na hata usiku ukuta wa nyumba unatema moto, bosi akatuma maneno, si kidole. Ana rafiki yake Nairobi, mwenye ofisi. Mwanangu akamwone. Kijana alipiga pasi shati lake mara mbili. Kabla hajapanda basi aliniketisha mbele ya sanduku kama mimi ndiye mwanawe.

"Aabo, upande huu usipite ishirini na nane. Ukipita, chupa. Chupa zikiyeyuka, badilisha. Maji yasiingie ndani. Huyu anataka ukavu."

"Nenda."

"Akifa, Aabo..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja. Akifa, bosi ataambiwa nini? Ile kamba iliyomfunga mwanangu kwa mtu wa mbali ilikuwa imepita ndani ya tumbo la nyoka yule. Mimi niliiona ni kamba iliyooza. Lakini ndiyo aliyokuwa nayo, na mzazi hakati kamba ambayo mtoto wake ameishikilia kwa mikono miwili.

"Nenda, aabo," nikamwambia. Kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lilelile analoitwa naye, akiwa na mapenzi. Sikuwa nimemwita hivyo tangu alipoota ndevu.

Alipoondoka tu, stima nayo ikaondoka. Friza ikafa, chupa zikayeyuka. Kipimajoto kikaanza kupanda, nami nimekaa nakitazama kama nitazamavyo geji ya injini kwenye mlima. Nilipokuwa utingo tulipoza maji kwa kufunga mitungi na gunia bichi, tukaininginiza pembeni mwa lori. Upepo ukipita, maji yanakuwa kama ya friza. Nikafanya hivyohivyo. Nikalowesha magunia, nikalifunika sanduku lote, nikafungua madirisha. Kipimajoto kikashuka. Nikajiona mwanamume.

Mke wangu naye alikuwa na mpango wake. Kwetu nyoka akionekana ndani ya nyumba hauawi papo hapo. Anaonywa kwanza, siku tatu, aambiwe aondoke kwa amani, maana huenda si nyoka, huenda ni jini mwenye dini yake. Akikaidi baada ya hapo, lawama ni yake. Mke wangu alisema huyu wetu hajawahi kuonywa hata mara moja, na ndiyo sababu mwanangu hapati kazi. Akamwita maalim wa duksi, mtu mpole, jirani yetu.

Maalim alisimama mbali, akajitanda shali yake vizuri, akamwambia nyoka kwa sauti nzuri kwamba hii ni nyumba ya Waislamu, hatumtakii ubaya, naye asitutakie ubaya, aende zake.

"Maalim," nikasema, "unamwambia aende, na kifuniko kina komeo."

Akafikiri. "Basi kifunguliwe."

"Kikifunguliwa akaenda, mwanangu akirudi nitamwambia nini?"

Akafikiri zaidi. "Hilo ni kubwa," akasema, akanywa chai akaondoka. Kesho yake akaja tena, akaonya tena. Mwenye haya alikuwa yeye kuliko nyoka.

Siku ya tatu nilirudi kutoka msikitini nikakuta sebule imejaa. Mke wangu ameondoa magunia na kufungua kifuniko. Shemeji yangu, ndugu yake, mtu mwenye sauti ya kuuzia ngamia, amesimama na fimbo. Maalim yuko mlangoni, viatu mkononi. Na nyoka hajaondoka. Amejizika kwenye pembe ya kivuli, kipande cha mgongo tu kinaonekana.

"Ameonywa!" shemeji akasema. "Mlango uko wazi! Amekataa!"

"Ni saa saba mchana," nikasema. "Wewe ungetoka?"

"Mimi si nyoka."

"Ungetoka kwenye kivuli ukaingia kwenye hili joto, kwa sababu mtu amekuambia toka?"

"Nimesema ameonywa! Maalim, ameonywa au hajaonywa?"

"Ameonywa," maalim akasema, akiangalia viatu vyake.

Nikasimama kati ya shemeji na sanduku. Magoti yangu si mazuri siku hizi, lakini nilisimama. Nilimwambia shemeji fimbo hiyo ikimpiga nyoka imempiga mwanangu tumboni, na mtu anayempiga mwanangu katika nyumba yangu atatoka bila meno, awe ndugu wa mke wangu au wa malaika. Mke wangu akaanza kulia. "Wewe na mwanao," akasema. "Mnaabudu kipimajoto."

"Yuko Nairobi anatafuta kazi," nikasema. "Akirudi na kazi, mtamuua nyoka na mimi nitashika fimbo."

Wakaondoka. Nikafunga kifuniko. Nimegombana na ndugu wa mke wangu, mimi, kwa ajili ya kitu ambacho kama ningekikuta chini ya lori langu ningekipitishia gurudumu bila kuangalia kioo.

Mwanangu alirudi na basi la asubuhi. Shati lile la pasi alikuwa amelikunja ndani ya mfuko. Rafiki wa bosi alimpokea vizuri, akampa kahawa, akamuuliza habari za Dadaab. Kisha akamuuliza amemjia kwa shida gani. Bosi hakuwa amemwambia neno kuhusu kazi.

Hakunisimulia mimi. Alimsimulia mama yake, nikasikia. Kisha akaja kwa sanduku, akapiga magoti, akainua kifuniko, na uso wake ukabadilika.

"Nani ameweka maji?"

"Hakuna maji. Gunia."

Akashika mchanga. Ulikuwa na unyevu, mvuke wa magunia uliingia kwenye matundu. Akamtoa nyoka, akamtazama puani. Kulikuwa na povu dogo, na alikuwa anapumua kwa mdomo wazi.

"Nilikuambia ukavu, Aabo. Sasa ana mafua ya mapafu."

"Stima ilikatika. Ningemwacha aive?"

"Unyevu nao unaua."

"Basi achague! Joto au mafua! Mimi nimemzuilia fimbo kwa kifua changu, unataka nimfute na pua?"

Mwanangu alimwaga mchanga wote, akatia mwingine uliokaushwa juani, akawasha taa upande mmoja kwa nyuzi zake, akapandisha kidogo kama walivyoshauriana na daktari wa mifugo aliye rafiki yake, kwa sababu nyoka mwenye mafua anataka moto zaidi. Akakaa naye. Ile pua ilikauka polepole. Nikaona mwanangu anavyoitazama, nikajua hamtazami nyoka. Yule wa Nairobi alikuwa ameshamwambia ukweli, na yeye alikuwa bado anapuliza makaa.

Siku pua ilipokauka alipiga picha, akatuma. Safari hii bosi akapiga simu ya video. Mwanangu akaniita, akanikalisha karibu, akaishika simu ili bosi atuone sote pamoja na sanduku. Bosi amevaa sweta. Nyuma yake dirisha ni jeupe lote, theluji. Alicheka kutuona, alifurahi kweli. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Akasema maneno, na mwanangu akaanza kunigeuzia kwa ile sauti yake ya kazi.

"Anakusalimu. Anasema asante kwa kumtunza."

"Mwambie tumepokea."

Bosi akageuza simu yake. Tukaona sanduku la kioo, kubwa kuliko letu, zuri, na taa nyekundu. Ndani yake, kwenye mchanga, mgongo wa rangi ya chungwa na mabaka meusi.

"Anasema," mwanangu akasema, sauti haikutikisika, "amenunua mwingine. Anasema kule wanazaliwa dukani, wanazalishwa. Anasema huyu wetu tunaweza kumwachilia sasa, tusipate taabu."

"Na kazi?"

"Hajasema."

"Muulize."

Akaishusha simu magotini. "Simu imekatika, Aabo."

Simu haikukatika. Bosi alikuwa bado anacheka mle ndani, midomo inaendelea. Niliona kidole cha mwanangu kilipobonyeza pale pekundu.

Nimefikiri sana juu ya lile sanduku la bosi. Nje ya dirisha lake maji yameganda, na ndani ya kioo wamejenga Garissa, mchanga wake, jua lake upande huu, kivuli chake upande ule, nyuzi zimepimwa. Wanalipia umeme Garissa hiyo isipoe. Nyoka wetu ana pa kukaa kule. Mwanangu mwenye karatasi za chuo alikuwa anawatafsiria wazee wetu matusi yao kwa adabu, na kule hana hata pembe ya sanduku.

Tulimwachilia nyoka upande wa barabara ya Masalani, mbele ya vijiji vya mwisho, baada ya alasiri. Niliendesha mimi. Nilisimamisha gari nikadhani mwanangu atamwaga tu mchanga na nyoka wake tuondoke. Hapana. Alitoa kipimajoto, akakichomeka juu ya mchanga chini ya kichaka. Akasema arobaini na tatu. Akachimba kwa mkono mpaka kiwiko, akakichomeka tena.

"Thelathini."

"Inatosha?"

"Tungoje kidogo jua lishuke."

Tukangoja, baba na mwana, tumekaa chini kando ya nyoka aliyetiwa kwenye ndoo. Nilitaka kumwambia jambo. Nilitaka kumwambia hata mimi niliahidiwa lori na tajiri mmoja, nikamwoshea magari mpaka ngozi ya mikono ikatoka, na siku niliyoacha kungoja ndiyo siku niliyoanza. Lakini sikuanza siku hiyo, nilianza baadaye sana, na nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Nikaisogeza ndoo kivulini. Alipoona sasa inafaa, akainamisha ndoo. Nyoka aliingiza kichwa mchangani, akazama kama maji. Hakutazama nyuma. Mwanangu alibaki ametazama pale mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

Nyumbani mke wangu aliliosha lile sanduku mara saba kwa sabuni, akalikausha juani, akalipangusa kwa maji ya limau. Akalitoa mlangoni, akapanga sambusa, akawasha taa. Kabati lake hatimaye.

Hakuna aliyenunua. Watu walipita, wakalitazama, wakavuka upande wa pili. Shemeji alisimama akacheka mpaka akajishika mbavu: "Sambusa za nyoka! Zina vichwa viwili?" Siku hiyo zilirudi jikoni zote, na ya pili vilevile. Mke wangu aliacha hata kufukuza nzi.

Siku iliyofuata nilitoa kiti changu, nikakiweka pale mlangoni, mbele ya barabara, saa ambayo wazee wanatoka msikitini. Nikavaa kofia yangu nzuri. Nikamwambia mke wangu anipe sambusa. Nikala. Nikamwambia anipe nyingine. Nikala ile pia, polepole, nikimtazama kila anayepita machoni, mmoja mmoja, na wote wananijua, na wote wamewahi kunikopa kitu.

"Mzee, ni tamu?" mmoja akauliza kwa mbali.

"Njoo ujue, au nenda zako."

Akaja maalim. Akachukua moja, akasema bismillahi kwa sauti iliyosikika barabarani, akauma. Akaguna. "Imepoa," akasema.

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipita mkono juu ya bega langu, akafungua kile kifuniko, akatazama kipimajoto cha pili, ambacho hakuna aliyekuwa amekumbuka kukitoa.

"Ni arobaini na moja tu, Hooyo," akamwambia mama yake, kwa ile sauti ya kazi. "Sambusa zinataka zaidi. Zisogeze upande wa taa."